RNA adimu ndani ya seli nzima: smFISH, machupio ya HCR, probu za Z au tairamaidi?

RT-PCR, kipimo kinachozidisha RNA mpaka ionekane, imekwambia RNA yako ipo. Ct (mzunguko ambao ishara inaanza kuonekana; ikiwa kubwa, RNA ni kidogo) inasoma 34 au 35 kila ukirudia, na kontroli ya maji iko safi. Shida ni kwamba seli ulizisaga zote pamoja kabla ya kupima. Wastani wa nakala 2 kwa seli unaweza kumaanisha kwamba kila seli inazo 2, au kwamba seli moja kati ya 100 inazo 200 na zile 99 hazina kitu. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Ili uzitenganishe, inabidi seli ibaki nzima, RNA ibaki pale ilipokuwa, na probu yenye rangi (kipande cha DNA au RNA kinachojibandika kwenye RNA unayoitafuta) iifuate humo humo ndani.

Anayefanya kazi hii Moshi akiwa na bloku za parafini za mlango wa kizazi, na anayeifanya Arusha akiwa na seli za kuotesha au majani ya mibuni, huishia kuchagua kati ya njia nne. Ya kwanza ni probu fupi nyingi, kila moja na rangi yake moja, inayojulikana kama smFISH. Ya pili ni HCR, ambayo ishara yake hukuzwa kwa machupio ya DNA. Ya tatu ni probu za Z, ambazo wengi wanazijua kwa jina la kiti (kifurushi cha vitendanishi kinachouzwa tayari), RNAscope. Ya nne ndiyo kongwe: probu ndefu ya RNA yenye digoksijenini (lebo inayoshikwa na kingamwili), ikikuzwa kwa tairamaidi (rangi inayobandikwa na kimeng'enya cha peroksidesi).

Vigezo

Swali la kwanza la wengi ni ipi inang'aa zaidi. Kwa RNA yenye nakala elfu moja, swali hilo lina maana. Kwa RNA yenye nakala 3, ambapo kila RNA inaonekana kama nukta moja ya mwanga, nukta 2 za uongo katika kila seli zinatosha kuangusha utafiti mzima, na kuzifanya ziwake kama karabai hakusaidii. Kwa hiyo kigezo cha kwanza hapa ni nukta ya uongo: inatokeaje, na utaijuaje. Mengine manne yanafuata: sampuli na urefu wa RNA; hadubini; muda, joto na umeme; na mwisho vitu, yaani safari ya vitendanishi, friza na fedha.

Kuna mambo yasiyobadilika, njia yoyote utakayoshika. Formaldehidi iliyoweka ukungu mweupe chini ya chupa imeanza kuungana yenyewe, na kipimo ulichoandika kwenye lebo si kipimo ulicho nacho. Formamaidi igawe kwenye chupa ndogo, uiweke -20 °C, na uiache ipate joto la chumba kabla ya kufungua kifuniko, la sivyo inavuta unyevu wa hewa na kuanza kugeuka asidi. Ni sumu kwa mimba. Ifungulie ndani ya kabati la kuvuta hewa tu. Na otoklevu peke yake haimalizi RNase, vimeng'enya vinavyokata RNA: vyombo vya kioo vioke kwenye oveni ya 180 °C au zaidi kwa saa 4, maji yatiwe DEPC (kemikali inayoua RNase) 0.1%, yalale usiku kucha, ndipo yaende otoklevu. DEPC usiiweke kwenye bafa yenye Tris, maana Tris inaila yote.

1. Probu fupi zenye rangi moja moja (smFISH)

Mwaka 1998 maabara ya Robert Singer, New York, ilionyesha kwamba molekuli moja ya RNA inaweza kuonekana ndani ya seli kwa probu chache ndefu zenye rangi kadhaa kila moja. Mwaka 2008 Arjun Raj na wenzake wakarahisisha: oligo (vipande vifupi vya DNA) karibu 48 za nyukleotidi 20, kila moja na rangi moja tu mwishoni, zikijipanga mstari juu ya RNA ileile.

*Nukta ya uongo.* Hapa ndipo njia hii ilipo na nguvu. Probu moja ikijibandika mahali pasipo pake inatoa mwanga wa rangi moja, na mwanga huo unapotea kwenye ung'avu wa nyuma. Nukta haionekani mpaka probu nyingi zikutane sehemu moja. Ndiyo maana nukta za kweli hulingana ukubwa na mwanga. Ukichora grafu ya mng'ao wa nukta zote unapaswa kuona nundu moja iliyosimama mbali na uchafu. Nundu ikichanganyika na mteremko wa uchafu, usihesabu.

Kipimo kingine, na huu ndio unaopaswa kuuamini zaidi, ni kugawa seti: probu za namba witiri rangi moja, za namba shufwa rangi nyingine. Nukta ya kweli itaonekana kwenye rangi zote mbili mahali palepale. Lakini angalia pia chaneli ambayo hukuweka rangi yoyote. Chembe za lipofusini (mabaki yanayojikusanya kwenye seli zinazozeeka) na vumbi hung'aa kwenye kila chaneli, na kwenye picha ya rangi moja zinafanana na RNA kama pacha. Usipopiga picha ya chaneli tupu, utazihesabu tu.

*Sampuli na urefu.* Probu 48 zenye nafasi ya nyukleotidi 2 katikati zinahitaji zaidi ya nyukleotidi 1,000. Ukipata 25 hadi 30 bado kazi inawezekana. Chini ya hapo mwanga unakuwa mdogo mno. Seli zilizooteshwa juu ya kioo ndizo hasa zinazofaa, na tishu nyembamba iliyokatwa ikiwa imegandishwa inakubali. Tishu ya kwenye parafini ni ugomvi: RNA imekatika vipande na tishu yenyewe inang'aa.

*Namna ya kufanya.* Seli zikiwa juu ya kioo cha mviringo cha mm 18, zikaze kwa formaldehidi 3.7% ndani ya PBS kwa dakika 10 (ml 1 ya stoku ya 37% kwenye ml 10 za jumla). Suuza mara mbili. Weka ethanoli 70%, 4 °C, angalau saa 1. Zinaweza kusubiri humo hadi wiki, jambo linalosaidia pale hadubini inapokuwa na foleni. Bafa ya kuoanisha ya ml 10 ni dekstrani salfeti g 1, SSC (bafa ya chumvi na sitrati) ya 20x ml 1, formamaidi ml 1, maji mpaka ifike ml 10. Dekstrani inachukua saa kadhaa kuyeyuka na inateleza kama uji wa muhogo. Kata ncha ya tipu na uvute polepole, au kipimo chako kitakuwa cha kubahatisha. Tone la µl 100 lenye probu ya jumla ya nM 125 likae juu ya parafilamu, kioo kilazwe juu yake upande wa seli ukiangalia chini, ndani ya chombo chenye karatasi iliyolowa SSC ya 2x. 37 °C, gizani, usiku kucha. Asubuhi osha mara mbili, dakika 30 kila mara, 37 °C, kwa bafa ya formamaidi 10% na SSC 2x (kwa ml 50: formamaidi ml 5, SSC ya 20x ml 5, maji ml 40). DAPI (rangi ya viini vya seli) ng 5 kwa ml iingie kwenye mosho wa pili.

Kingo za kioo zikikauka usiku, utaona duara la mng'ao kuzunguka kioo kizima. Hizo seli zitupe, usizipige picha. Ung'avu ukitanda kila mahali, shusha probu hadi nM 25 kabla ya kugusa kitu kingine. Ukipandisha formamaidi, panda kidogo kidogo, kwa sababu oligo za nyukleotidi 20 zenye herufi G na C chache huanza kuachia mapema.

*Hadubini.* Hapa ndipo gharama ilipojificha. Unahitaji lenzi ya mafuta ya 60x au 100x yenye NA (uwezo wa lenzi kukusanya mwanga) ya 1.3 au zaidi, kamera iliyopozwa, na uwezo wa kupiga tabaka kila µm 0.3. Kila tabaka huchukua sekunde 1 hadi 2 za mwanga. Kama taa ni ya zebaki, usinunue probu za Cy5: taa hiyo ina mwanga mkali karibu na nm 546 na 578, lakini eneo la nm 640 ni dhaifu. Chagua Cy3 au rangi inayoamshwa karibu na hapo. Na usitarajie kuona kitu kwa jicho kwenye lenzi. Nukta hizi ni za kamera. Konfokali ya leza inayopita nukta kwa nukta nayo haikupi faida unayoidhania, kwani inatupa fotoni nyingi wakati wewe huna za kutupa.

*Muda, joto na umeme.* Siku mbili, mikono yako ikitumika saa tatu hivi. Umeme ukikatika kwa muda wa saa moja usiku, inkubeta iliyofungwa inabaki na joto lake, kazi haiharibiki.

*Vitu.* Oligo husafiri zikiwa kavu, bila barafu. Zikifika Dar es Salaam unaweza kuzituma Moshi kama kifurushi cha basi na zisipate madhara, mradi zimefungwa gizani. Seti ya nmol 5 ukiiyeyusha kwenye µl 400 inakupa µM 12.5, µl 1 kwa kila µl 100 ndiyo nM 125, kwa hiyo ni matone karibu 400. Malipo ya mwanzo ni makubwa, lakini kwa slaidi ya mia moja ni kama bure.

*Inamfaa* mwenye seli za kuotesha, RNA ndefu, na kamera nzuri, anayetaka idadi kamili kwa kila seli.

2. Machupio (HCR)

Dirks na Pierce wa Caltech walieleza mnyororo huu mwaka 2004, na toleo la tatu, ambalo ndilo linalozungumziwa hapa, lilitoka mwaka 2018. Vipande viwili vya DNA vimejikunja kama chupio la nywele, H1 na H2. Vikiwa pamoja kwenye bafa vinakaa kimya. Kikitokea kipande cha kuanzisha, H1 inafunguka, inaifungua H2, H2 inaifungua H1 nyingine, na mnyororo wenye rangi unakua papo hapo bila kimeng'enya chochote.

*Nukta ya uongo.* Katika toleo la tatu kianzishi kimegawanywa nusu kwa nusu. Kila jozi ina probu mbili za nyukleotidi 25 zinazokaa bega kwa bega, na kila moja inabeba nusu. Probu moja ikipotea njia, inabeba nusu isiyoanzisha chochote. Kwa hiyo ukuzaji hauamshi uchafu wa probu, na hili ndilo tofauti kubwa na matoleo ya zamani. Kinachobaki ni machupio yenyewe kunasa kwenye tishu. Kontroli yake ni slaidi isiyo na probu, yenye machupio tu. Ikiwa na nukta, lawama si ya probu.

*Sampuli na urefu.* Jozi moja inakula nyukleotidi 52. Kwa RNA adimu lenga jozi 20 hadi 30, yaani nyukleotidi 1,000 hadi 1,600. Njia hii inashinda nyingine kwenye vitu vinene: kiinitete cha samaki, mdudu mzima, mzizi, kipande cha jani. Machupio ni madogo yanapoingia, yanakuwa makubwa yakishafika. Kwa majani ya mibuni au migomba, klorofili inang'aa karibu na nm 680 na itameza rangi ya Cy5. Itoe kwa ethanoli mpaka jani liwe jeupe, kisha tumia rangi ya eneo la nm 546.

*Namna ya kufanya.* Kukaza ni kama hapo juu. Bafa ya probu ina formamaidi 30%, SSC 5x, asidi ya sitriki mM 9 (pH 6.0), Tween 0.1%, heparini µg 50 kwa ml, Denhardt 1x na dekstrani 10%. Probu nM 4. Kwa kuhesabu nukta moja moja wengi hupanda hadi nM 16. 37 °C usiku kucha, kisha miosho ya formamaidi 30% kwenye 37 °C.

Sasa machupio, sehemu inayoharibu kazi za wengi. H1 ikae kwenye tyubu yake, H2 kwenye yake. Zote ziende kwenye mashine ya PCR, 95 °C, sekunde 90. Zitoe, ziweke kwenye droo yenye giza, joto la chumba, dakika 30. Usiziweke kwenye barafu, usizichanganye kabla hazijapoa. Hatua hii inarudisha kila chupio kwenye mkunjo wake. Ukiiruka, baadhi yanabaki yameshikana mawili mawili, na utapata ishara hafifu juu ya ung'avu mchafu. Baada ya hapo changanya kwenye bafa ya ukuzaji (SSC 5x, Tween 0.1%, dekstrani 10%), nM 60 kila moja.

Itifaki inasema ukuzaji ufanyike "joto la chumba". Chumba kipi? Chumba cha Moshi mchana wa Februari na chumba cha Arusha usiku wa Julai havina uhusiano. Urefu wa mnyororo unategemea muda na joto, kwa hiyo mng'ao wa slaidi za miezi hiyo miwili haulinganishiki. Weka slaidi kwenye inkubeta ya 25 °C, au angalau kwenye sanduku la povu lenye kipimajoto, na uandike namba.

*Hadubini.* Lenzi ya 40x inatosha kuona seli ipi ina RNA. Hata 20x kwa kuonyesha eneo. Kwa kuhesabu bado unahitaji 60x au 100x. Na chagua mapema: ukuzaji wa dakika 45 hadi 90 unatoa nukta ndogo zinazohesabika, wa usiku kucha unatoa mabonge yanayong'aa vizuri na kuungana. Huwezi kupata vyote kwenye slaidi moja.

*Muda, joto na umeme.* Siku mbili kwa nukta, tatu kwa tishu nene. Kwa umeme ni njia mpole kuliko zote: sekunde 90 za PCR ndizo pekee zisizovumilia kukatika.

*Vitu.* Probu hazina rangi, kwa hiyo ni oligo za kawaida unazoweza kuagiza popote. Machupio ndiyo ghali, lakini yaleyale yanatumika kwa jeni yoyote utakayoitafuta baadaye mradi kianzishi ni kilekile. Friza ya -20 °C inatosha.

*Inamfaa* mwenye tishu nene au mimea, au anayejua atabadilisha jeni mara kwa mara.

3. Probu za Z (RNAscope)

Wazo lilichapishwa mwaka 2012. Probu mbili zenye umbo la Z zinakaa jirani, na vichwa vyake viwili kwa pamoja ndivyo vinavyoshika mti wa ukuzaji. Jozi 20, kila moja na mti wenye matawi 20, kila tawi na sehemu 20 za rangi: kwa hesabu ya karatasi ni lebo 8,000 kwa RNA moja.

*Nukta ya uongo.* Kanuni ni ileile ya bega kwa bega, na inafanya kazi. Kiti kinakuja na kontroli zake: dapB, jeni ya bakteria *Bacillus subtilis*, ambayo haipaswi kutoa nukta kwenye tishu ya binadamu, PPIB kuonyesha kwamba RNA ya sampuli iko hai, POLR2A kwa wanaotafuta RNA adimu. Tumia POLR2A. Bloku inaweza kuonyesha PPIB vizuri huku RNA ya nakala 2 ikiwa imeshaoza, na wewe ukaandika "hasi" kwenye jedwali.

*Sampuli na urefu.* Njia hii ilitengenezwa kwa parafini, na hapo haina mpinzani. Mfano mzuri ni RNA ya E6/E7, jeni za HPV (virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi), kwenye vipande vya mlango wa kizazi. Jozi ni fupi, kwa hiyo RNA iliyokatikakatika bado inashikika. Urefu wa kawaida ni kuanzia nyukleotidi 300. Kwa vipande vya 50 hadi 300 kuna toleo lake dogo, BaseScope.

Lakini haiponyi bloku mbovu. Kipande kinene kupita mm 4, formalini isiyo na bafa, au kilichowekwa Ijumaa na kutolewa Jumatatu, hutoa matokeo ya ajabu: nje ya kipande kuna nukta, katikati hakuna. Kinachotakiwa ni formalini ya 10% yenye bafa, saa 16 hadi 32, joto la chumba. Kata µm 5, na slaidi usizikalishe zaidi ya miezi 3.

*Namna ya kufanya.* Slaidi ioke 60 °C saa 1, itolewe parafini, ichemshwe kwenye bafa ya kurejesha karibu 100 °C dakika 15, proteasi 40 °C dakika 30, probu 40 °C saa 2. Kisha hatua za ukuzaji: kwa kiti cha rangi ya kahawia ni dakika 30, 15, 30, 15 kwenye 40 °C, halafu 30 na 15 nje ya oveni, na miosho ya dakika 2 mara mbili kati yake. Slaidi ikikauka mara moja tu baada ya proteasi, imekwisha. Chora duara la kalamu ya kuzuia maji na likauke kabisa kabla ya kuendelea. Proteasi ikizidi, viini vinakuwa kama mzimu. Ikipungua, kontroli chanya inapauka. Bloku iliyokaa kupita kiasi kwenye formalini huomba muda zaidi wa kuchemsha na proteasi; jaribu kwa slaidi ya PPIB kabla ya kutumia probu yako ya ghali.

*Hadubini.* Toleo la kahawia linasomwa kwa hadubini ya kawaida ya patholojia, 20x na 40x. Kwa maabara nyingi hoja hii pekee inamaliza mjadala. Usomaji ni wa alama: 0 ni chini ya nukta 1 kwa seli 10, 1 ni nukta 1 hadi 3 kwa seli, 2 ni 4 hadi 9, 3 ni 10 hadi 15, na 4 ni zaidi ya 15.

*Muda, joto na umeme.* Siku moja ndefu au mbili za kawaida. Oveni yenye unyevu inapaswa kushika 40 °C kila hatua, na hapa umeme una neno. UPS (betri ya akiba) ya kubeba oveni si anasa.

*Vitu.* Kiti ni cha maji, kinataka 2–8 °C njia nzima, na kina tarehe ya mwisho. Mzigo ukitua uwanja wa ndege wa KIA Ijumaa jioni bila karatasi kukamilika, hiyo ni wikendi ya joto unayolipia wewe. Kwa slaidi moja, ndiyo ghali kuliko zote. Agiza baada ya bloku kuwa tayari, si kabla.

*Inamfaa* mwenye bloku za hospitali na hadubini ya kawaida, anayehitaji jibu linalosomeka na mwanapatholojia.

4. Digoksijenini na tairamaidi

*Nukta ya uongo.* Hapa ndipo udhaifu ulipo. Probu ni moja, ndefu, na ikinasa pabaya inakuzwa kama kweli. Peroksidesi ya chembe nyekundu za damu nayo inawaka; izime kwa hidrojeni peroksaidi 3% dakika 10. Kontroli ni probu ya upande wa pili wa jeni.

*Sampuli na urefu.* Probu ya nyukleotidi 300 hadi 1,000. Inakubali tishu nyingi, lakini tairamaidi husambaa kidogo kabla ya kushika, kwa hiyo unapata seli yenye rangi, si nukta za kuhesabu.

*Namna ya kufanya.* Bidhaa ya PCR yenye mwanzo wa T7 kwenye praima ya nyuma, unukuzi kwa DIG-UTP, kuoanisha kwenye formamaidi 50%, 55 hadi 65 °C, kingamwili yenye peroksidesi, tairamaidi dakika chache. Ishara ikikosekana kabisa, soma lebo ya bafa ya kingamwili: sodiamu azaidi inaua peroksidesi, na watu huiweka kwa nia njema ili bafa isiote ukungu.

*Hadubini.* Yoyote ya fluoresensi, 20x. *Muda, joto na umeme.* Siku mbili hadi tatu, na oveni ya 60 °C usiku kucha inataka umeme wa uhakika. *Vitu.* Ndiyo rahisi kuliko zote kwa maabara yenye PCR, kwa sababu probu unaipika mwenyewe.

*Inamfaa* anayeuliza "seli zipi?" na si "ngapi?", na ambaye RNA yake si adimu sana.

Kulingana na hali yako

Una bloku za parafini na hadubini ya mwanga wa kawaida: probu za Z. Anza na slaidi 3 za POLR2A kutoka bloku za miaka tofauti, uone zipi bado zina RNA, kabla ya kuagiza probu ya jeni yako.

Una seli za kuotesha, kamera iliyopozwa na lenzi ya NA 1.4, na RNA ya nyukleotidi 1,500: smFISH, seti iliyogawanywa witiri na shufwa. Una seli hizohizo lakini hadubini inaishia 40x: HCR ya usiku kucha, na uripoti seli zenye ishara, si idadi ya nukta.

Majani, mizizi, wadudu wazima: HCR. Usijaribu smFISH kwenye jani zima kwa kuwa tu umeona picha nzuri mahali.

Jeni tano za kujaribu, bajeti ya moja: HCR ikiwa una machupio tayari, kama huna hata hayo na unatafuta eneo tu, tairamaidi kwanza, kisha njia ya nukta kwa jeni itakayobaki.

Umeme hauaminiki na UPS haipo: HCR au smFISH.

RNA ya nyukleotidi chini ya 300, au unatafuta kiungo kimoja tu cha eksoni (mahali vipande viwili vya RNA vilipounganishwa): toleo dogo la probu za Z. Kama kiti hicho hakipo mkononi, tenganisha aina za seli kwanza kisha rudi kwenye RT-PCR, kwa sababu jozi 2 za HCR juu ya nakala 2 zitakupa slaidi ambayo huwezi kuitofautisha na kontroli yake.